Shangazi, nikikifuta kipindi hiki si nitakuwa nimemkaribisha bosi sebuleni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiandika matangazo ya biashara katika kampuni moja. Kila ninachoandika hupita kwa watu watano au sita kabla hakijatoka. Wa kwanza huondoa neno, wa pili huondoa mzaha, wa tatu huuliza, "Hakuna mtu atakayekereka hapa?" Kikifika mwisho, hata mimi mwenyewe sikitambui. Nimezoea, lakini kuzoea si kupenda, na kwa muda mrefu nilihisi kuna kitu ndani yangu kinanyauka.

Miaka miwili iliyopita nilikutana na marafiki zangu wawili kwenye harusi ya mtu tuliyesoma naye shule ya bweni. Tulikaa nje ya ukumbi hadi usiku wa manane tukikumbushana vituko: kengele ya alfajiri, mwalimu wa zamu aliyevaa raba ili tusimsikie akija, mchezo wa kuigiza ambao mfalme aliyekufa alipiga chafya ndani ya jeneza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mmoja wetu akasema, "Haya yote yatapotea hivi hivi." Wiki iliyofuata tukaweka simu katikati ya meza, tukarekodi. Podikasti yetu ikazaliwa.

Shangazi, ile raha siwezi kuieleza ikaisha. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Kila Alhamisi jioni tunakaa, kila mmoja na maiki yake sasa, tunaongea tunavyotaka kwa urefu tunaotaka. Mimi ndiye mhariri. Naondoa vigugumizi, napanga, nakata palipopoa. Huwa nalala saa nane za usiku, na asubuhi naamka na nguvu kuliko siku niliyolala mapema.

Mmoja wetu tunamwita Kasuku, kwa kuwa anaweza kumwiga yeyote. Mwingine tunamwita Mapokezi. Jina hilo alilipata siku ya wazazi kututembelea, tukiwa mwaka wa pili. Alipiga pasi sare yake, akasimama langoni tangu asubuhi akiwasubiri wazazi wake. Kila mzazi aliyeingia alimpokea: shikamoo mama, shikamoo baba, nikusaidie mzigo. Jua likazama, wake hawakuja. Kesho yake shule nzima ilimwita Mapokezi, na jina likaganda.

Kisa hicho tulikisimulia kwenye kipindi cha 41, miezi minne iliyopita. Kasuku aliwaiga wazazi wote waliopita pale langoni, sauti baada ya sauti. Mapokezi mwenyewe alicheka. Kuna mahali alianza kusema, "Unajua, mwaka ule mama alikuwa...", ila Kasuku alikuwa ameshaingia na sauti nyingine, na pale mahali palipoza kichekesho. Nilipohariri nikakata hapo, nikaunganisha kicheko na kicheko. Kipindi kikatoka. Vipindi vyetu vingine hupata wasikilizaji 150 au 200. Hicho, baada ya mtu mmoja kusambaza kipande chake, kimepita 4,000. Watu tusiowajua wanatuandikia wakimtaja Mapokezi.

Mwezi uliopita aliniomba nikiondoe. Hakueleza. Alisema tu, "Naomba ukitoe." Tangu hapo Alhamisi mbili hajaja, anasema ana kazi. Kasuku yeye anasema mwenyewe alikuwepo na alicheka, na kwamba tukianza kufuta hatutaacha: leo kipindi, kesho sentensi. Nami naona kama ana hoja. Hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniambia "hili litakera". Nikikifuta, si nitakuwa nimemkaribisha bosi sebuleni kwangu?

Kuna la pili, dogo. Kasuku amehamia mbali, sasa tunarekodi kwa intaneti, na vichekesho vimepoteza ladha. Tunagongana kuongea, kicheko kinachelewa. Nadhani hadithi za shule zimetuishia.

Nishauri.

Niliyekwama

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, juu kidogo ya swali lako, pale rafiki yako aliposema, "Unajua, mwaka ule mama alikuwa..." Alikuwa nini? Mgonjwa? Ameondoka nyumbani? Yuko njiani, gari likaharibika? Hujaniambia, na nina hofu kwamba hujui.

Basi jibu nalitanguliza, maelezo yafuate. Kitoe. Kitoe leo. Na mimi humu nitamwita rafiki yako, kwa sababu lile jina lingine sina ruhusa yake.

Hofu yako naielewa. Mtu ambaye kwa miaka 11 maneno yake yamekatwa na watu wasiomuuliza alimaanisha nini, akipata mahali pa kusema bila kukatwa, atapalinda kwa kucha na meno. Sasa rudi kwenye usiku ule wa kuhariri. Kulikuwa na mtu aliyeanza kusema jambo lake. Kulikuwa na mwingine aliyevaa hedifoni, mkasi mkononi, akaona jambo lile linapoza kazi, akaliondoa bila kumuuliza mwenyewe. Uchungu wa kukatwa namna hiyo unaujua kuliko mimi. Rafiki yako ameupata kwako.

Sikuandikii haya kukuumiza. Naamini ulifanya kwa nia njema. Saa nane za usiku mhariri aliyechoka husikia mwendo wa kichekesho tu, hasikii tena watu. Lakini ukishaliona hili, swali lako linabadilika. Bosi wako huondoa mzaha kwa kumhofia mtu asiyemjua, ambaye pengine hayupo. Rafiki yako yupo. Alisimama langoni siku ile na sare yake iliyopigwa pasi. Anapokuomba utoe kisa, anaomba kilicho chake.

Unasema raha ya podikasti ni kwamba hakuna wa kumwomba ruhusa. Ni kweli, na ndivyo ilivyokuwa tangu chanzo chake. Neno lenyewe lilichapishwa Februari 2004, Ben Hammersley alipoandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza juu ya watu waliokuwa wakitengeneza vipindi vya sauti na kuviweka kwenye intaneti. Mwaka 2005 Apple wakaziingiza podikasti kwenye iTunes, programu yao ya muziki, na tangu hapo mwenye maiki na mlisho wa RSS, yaani faili la intaneti linalozijulisha programu za wasikilizaji kila kipindi kipya kikiwekwa, anamfikia msikilizaji moja kwa moja. Hakuna mkurugenzi wa vipindi, hakuna mwanasheria wa kituo, hakuna mhariri wa zamu. Ila watu hao walioondoka katikati walikuwa na kazi mbili. Moja ni hiyo ya kukodolea macho kila mzaha, na mmefanya vizuri kuiachisha. Nyingine ni kuuliza kama anayesimuliwa amekubali. Hiyo ya pili haikuondoka nao. Iliwasubiri mezani penu, na kwenye kipindi cha 41 hakuna aliyeigusa.

Kasuku anasema rafiki yenu alicheka. Hapa nitasimama kidogo, maana hoja hii nimeisikia kwa watu wengi wa vichekesho na inaumiza wengi. Robert Provine, mtafiti wa Marekani, yeye na wanafunzi wake walizunguka mahali watu wanapopiga soga wakaandika vicheko 1,200 jinsi vilivyotokea. Kilichowashangaza ni kwamba vicheko vingi havikufuata kichekesho chochote. Vilifuata maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya "haya, tutaonana". Ni kati ya asilimia 10 na 20 tu vilivyofuata kitu kinachofanana na mzaha. Watu hucheka ili wawe pamoja na wenzao. Rafiki yako alikuwa mezani na watu wawili anaowapenda, wote wanacheka, maiki iko mdomoni. Angefanya nini? Alicheka kwa sababu alitaka kubaki nanyi. Kukubali watu 4,000 wasiomjua wamwite jina lile ni jambo lingine, na hilo hakuna aliyemuuliza.

Tena kumbuka alipoomba. Hakuomba siku kipindi kilipotoka, kikiwa na wasikilizaji wenu 150. Amevumilia miezi mitatu. Kilichobadilika ni kwamba kipande kimesambaa na jina limetoka bwenini likaingia duniani. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha haukuanza siku ya mzaha. Ulikuwepo chini ya ngozi.

Nawe usidhani nasema visa vya namna hii visisimuliwe. Nasema kinyume chake. Hamu ya enzi zilizopita ina maumivu ndani yake tangu ilipopewa jina. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kule Uswisi, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, nostos na algos, kurudi nyumbani na maumivu, akaiita nostalgia, akaieleza kama ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Mtoto anayewapokea wazazi wa wenzake siku nzima huku wake hawaji ni hamu ya nyumbani iliyosimama kwa miguu miwili. Kisa kinachekesha, nami nilipokisoma nilitabasamu. Kinachekesha na kinauma papo hapo, na visa vya namna hiyo ndivyo watu huvikumbuka miaka mingi baadaye. Ninyi mmetoa nusu moja, nyingine mkaiacha chini ya meza ya mhariri.

Pengine utaniambia kuna podikasti maarufu za watu watatu ambazo mmoja wao huchekwa kila siku. Zipo. The Ricky Gervais Show, podikasti ya Waingereza watatu, ilianza Desemba 2005, na katika mwezi wake wa kwanza kila kipindi kilipakuliwa kwa wastani wa zaidi ya mara 260,000, hadi ikaingia katika rekodi za Guinness. Ricky Gervais na Stephen Merchant walimcheka Karl Pilkington bila huruma. Lakini sikiliza alichochekwa: mawazo yake mwenyewe, aliyoyatoa yeye, aliyoyatetea yeye. Kipindi kizima kilisimama juu ya kumwacha Pilkington afuate wazo lake hadi mwisho, hata likielekea wapi. Wenzake walimkatiza kila mara kwa vicheko, ila walirudi wakamtaka aendelee. Uhondo ulikuwa kwenye kumalizia kwake.

Sasa vitendo. Ukikiondoa kipindi kwenye akaunti mnayohifadhia sauti, kitatoka kwenye mlisho, na programu za kusikilizia zitakiacha zenyewe, nyingine baada ya saa chache, nyingine baada ya siku. Waliokwisha kukipakua watabaki nacho. Hilo huliwezi, na umwambie rafiki yako ukweli huo mapema asije akaligundua mwenyewe. Lile jina lifute pia kwenye vichwa na maelezo ya vipindi vingine. Yule aliyesambaza kipande mwandikie kwa adabu akiondoe. Akikataa, mitandao mingi ina fomu ya mwenye kazi kudai kilicho chake, nanyi ndio wenye sauti hiyo.

Faili ghafi la kipindi cha 41 usilifute. Hili nalitilia mkazo. Umesema kila mmoja wenu alikuwa na maiki yake. Basi kama mlirekodi kila sauti kwenye faili lake, yale maneno aliyoyasema chini ya makelele ya Kasuku yapo peke yake mahali fulani kwenye kompyuta yako. Saa nzima ya sauti moja isiyobanwa, kwa kiwango cha biti 24 na hezi 48,000, ni kama megabaiti 520; mkiwa watatu haifiki gigabaiti mbili. Nafasi hiyo si kitu. Lakini usiende kuyasikiliza peke yako usiku na hedifoni zako. Mwambie yapo. Akitaka myasikilize pamoja, myasikilize. Akitaka yafutwe, yafute akiona.

Na usimwombe akisimulie upya. Wewe ni mtu wa kazi, najua wazo hilo limeshakupitia kichwani ulipokuwa ukisoma sehemu ya Hofer: kipindi kipya, safari hii na mama yake ndani. Liache. Huenda siku moja akasema mwenyewe, "Alhamisi hii nina jambo la lango." Huenda asiseme kamwe. Podikasti yenu itaishi vyovyote vile. Iliishi vipindi 40 kabla ya hicho.

Kwa siku zijazo kubalianeni jambo moja tu, mimi sipendi kanuni nyingi kwenye mambo ya kucheka: kabla kipindi hakijatoka, wote watatu wakisikilize, na yeyote anayesimuliwa ndani yake anaweza kusema "hiki hapana" bila kueleza sababu. Kasuku atasema mtabaki bila cha kusema. Mimi naona itakuwa kinyume. Mtu anayejua mlango wa kutokea uko wazi huingia ndani zaidi. Anayejua kila atakachotamka kitatoka, huanza kuchunga ulimi mezani, na mwishowe mnabaki na visa vya chafya peke yake. Ruhusa hiyo mpe hata yule mwalimu wa raba, kwa maana ya kwamba mbadilishe jina lake na somo lake. Yeye hana maiki.

Na mkasi usishike peke yako tena. Mpokezane. Mwezi huu wewe, ujao Kasuku, unaofuata rafiki yako. Vipindi vitatoka na mikono tofauti, vingine virefu kupita kiasi, na utasaga meno. Saga tu. Utalala mapema pia.

Hilo la pili umeliita dogo, ila limeniletea furaha, kwa sababu hadithi hazijawaishia. Mnapigwa na mtandao. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha mazungumzo katika lugha 10 za dunia, wakakuta kwamba pengo kati ya mtu mmoja kumaliza na mwingine kuanza huzunguka sehemu moja ya tano ya sekunde. Ni pengo dogo mno, na kichekesho huishi humo. Intaneti ikiongeza ucheleweshaji wa robo au nusu sekunde, Kasuku anarusha mzaha wakati wewe umeshaanza sentensi nyingine, na kicheko kinakuja kama mgeni aliyekosa saa. Zaidi ya hapo, programu nyingi za kupigiana simu hukandamiza sauti zinazopishana na hudhani kicheko ni kelele. Zimeni kipengele hicho cha kupunguza kelele. Acheni hedifoni za bluetooth, zinaongeza ucheleweshaji. Tumieni za waya. Kila mmoja arekodi sauti yake kwake, na mwanzoni wote mpige kofi moja kwa hesabu ya tatu, ili mhariri wa mwezi huo apate mahali pa kuzilinganisha sauti. Mkizipanga, vicheko vitarudi mahali pake, angalau masikioni mwa msikilizaji.

Ninyi wenyewe mkiwa mnarekodi bado mtahisi kuchelewa. Basi badilisheni na aina ya mazungumzo. Majibizano ya haraka haraka yanataka meza moja. Mkiwa mbali, mpeni mtu mmoja kisa akisimulie kwa dakika tano, wengine wakae kimya, kisha waulize. Au bora zaidi, kila mmoja arekodi peke yake kumbukumbu yake ya tukio lile lile kabla hamjakutana, halafu Alhamisi mzisikilize pamoja kwa mara ya kwanza. Nianze kuwauliza mimi: ni nani alikuwa ndani ya jeneza siku ya mchezo? Alipiga chafya kabla ya malkia kulia au baada? Nani alifunga pazia? Naweka dau hamtakubaliana hata kwa moja, na kipindi chenye kumbukumbu tatu zinazogombana kinaweza kujaa saa nzima bila mtu kuumizwa.

Lakini hayo ya mfalme yasubiri. Leo ni kwa rafiki yako. Usimtumie ujumbe wa sauti. Utaurekodi, utaufuta, utaurudia mpaka upendeze, nawe kuhariri umeshahariri vya kutosha. Mpigie. Mwambie kipindi umeshakiondoa kwenye mlisho. Mwambie ulimkata alipokuwa akisema jambo kuhusu mama yake, na kwamba unasikitika. Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu.

Shangazi yako